Kadi ya Ndege ya Mzee Situma

Mliponiaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu mliyekuwa mnamwambia kwamba sasa hana haja tena ya kuangalia saa. Mliniomba pia niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi benki, ili wanaoingia sasa wajue tulikotoka. Haya, nimekaa. Vyeo nitaviruka, na mshahara pia, maana ulikuwa mdogo na kuuandika hakutauongeza. Nitaeleza habari za dawati la kadi, Kitale kwanza halafu Bungoma, na zaidi habari za mume na mke walioketi mbele yangu Januari moja, mmoja akitaka kadi ikatwe na mwingine akikataa.

Mimi ni mtu wa Endebess, nimekulia kwenye baridi ya mlima, kwa hiyo Kitale haikunisumbua. Kilichonisumbua ni dawati. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeanza tu, nami nilikuwa nimezoea kaunta ya pesa, ambapo mtu anakuja na karatasi yake, unamhesabia, anakwenda zake. Asubuhi moja meneja akanihamishia dawati la kadi, pembeni karibu na mlango, pale ambapo matope ya gambuti za wakulima yalikuwa yanaishia. Kadi ya mkopo sikuwahi hata kuishika. Nilidhani ni kitu cha watu wa Nairobi.

Juu ya meza kulikuwa na simu ya waya ya kuombea ruhusa Nairobi, na kijitabu kinene cha namba za kadi zilizopotea, ambacho kilikuja kila mwezi na ambacho hakuna aliyewahi kukimaliza. Kulikuwa na kile chuma cha kusugua, mnachokiona siku hizi kwenye kabati la vioo pale makao makuu. Unalaza kadi, unaweka karatasi ya kaboni juu yake, unasukuma mkono wa chuma kwenda na kurudi, na namba zinachapika. Ukisukuma kwa hasira inapasuka karatasi, ukisukuma kwa woga haichapi kitu. Na kulikuwa na makasi, yaliyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, kwa sababu makasi ya ofisi yana miguu.

Nyuma ya vitu hivyo vyote alikaa Bi. Truphosa, mama wa Kimaragoli aliyekuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa wa mtu anayependa kazi iende sawa. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mkulima wa mahindi kutoka Cherangany, aliyelalamika kwamba kadi yake inakataliwa kila mahali. Niliipokea nikaiona nene kama biskuti. Alikuwa ameipeleka duka la picha ikavikwa plastiki ngumu, laminesheni.

"Isiharibike, madam," aliniambia kwa fahari. "Hata cheti cha ndoa nilikifanya hivyo."

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke. Bi. Truphosa akanikanyaga mguu chini ya meza. Alimpongeza yule mzee kwa utunzaji, akawasha birika la chai, akaifukiza kadi kwenye mvuke na kuimenya taratibu kwa wembe mpaka ikatoka nzima. Ilichukua karibu saa nzima. Mzee alipoondoka Bi. Truphosa aliniambia, "Gladys, mtu akitunza kitu chako kupita kiasi, usimcheke. Yule asiyetunza ndiye atakayekusumbua." Alisema kweli. Yule mzee hakuwahi kuchelewa kulipa hata mara moja.

Kukata kadi pia alinifundisha yeye. Kanuni ya benki ilisema ukate mbele ya mwenye kadi, makasi yapite kwenye namba na kwenye ule mstari mweusi wa nyuma. Yeye aliongeza kanuni yake: usikate jina. "Mtu anakutazama," alisema. "Umkate jina lake akiwa amekaa hapo? Zungusha makasi." Hivyo nikajifunza kuzungusha makasi, na vipande vya majina vya wateja wa Kitale vilikwenda kwenye bahasha vikiwa vizima.

Jambo kubwa zaidi alilonipa ni swali. Kadi nyingi tulizoshughulikia zilikuwa zile za safari, watu waliziita kadi za ndege. Kila ununuzi unakupa pointi, pointi zikijaa unapewa tiketi, na kila mwaka unalipa ada hata kama hujaondoka shambani. Mwisho wa kila mwaka watu walikuja kuuliza waendelee nayo au waikate. Mimi nilikuwa naanza na kikokotoo. Bi. Truphosa akakichukua, akakiweka kwenye droo. "Usianze na hela," akasema. "Muulize anataka kwenda wapi. Asipokuwa na mahali, mkatie. Akiwa na mahali, ndio mhesabu."

Mama mmoja wa Moi's Bridge, muuzaji wa mbegu, alipoulizwa hivyo alifikiri sana halafu akasema, "Mimi? Mimi nataka kulala tu." Tulimkatia kadi, tukanywa naye chai, akaenda akiwa mwepesi. Makao makuu waliandika barua kuuliza kwa nini tawi la Kitale linakata kadi nyingi kuliko matawi mengine. Bi. Truphosa alijibu kwa mstari mmoja: kwa sababu makasi yetu ni makali. Nakala ya barua hiyo ninayo hadi leo, msiniulize niliipataje.

Alipostaafu yeye, mimi nikapewa uhamisho kwenda Bungoma. Joto la Bungoma lilinipokea na koti langu la sufu la Kitale, na kwa wiki nzima nilitembea nalo mkononi kwa ukaidi. Watu walinipokea vizuri zaidi ya joto. Pale, kwa ulimi wa huko, niligeuka kuwa Madam Gradis, na baada ya mwezi mmoja niliitika bila kufikiri. Chuma cha kusugua kilikuwa kimeanza kuondoka, mashine za umeme zenye waya wa simu zimeingia, lakini mjini mzima maduka yenye mashine hizo ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa Januari yenyewe. Watoto wa kidato cha kwanza walikuwa karibu kuripoti shuleni. Mzee Situma na mkewe waliingia asubuhi, wakasalimia foleni yote kwanza, kama inavyotakiwa, ndipo wakafika kwangu. Mzee alikuwa mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alikuwa amestaafu kazi ya ununuzi kiwandani Webuye, na sasa alikuwa na duka la pampu za maji na mabomba hapo Bungoma. Nyumbani kwao ni Lugulu. Mkewe aliitwa Mama Sella, kiongozi wa kina mama kanisani, mfupi, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza.

Mzee aliiweka kadi mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Madam Gradis, kata hii kitu. Ada inakuja mwisho wa mwezi. Nimelipa miaka minne bana, hata bawa moja la ndege sijapewa."

"Madam, usiguse makasi," akasema Mama Sella. "Baba Sella, si ulisema hiyo ni ya kutufikisha kwa mtoto?"

Nikauliza lile swali la Bi. Truphosa: mnataka kwenda wapi? Mzee aliangalia feni iliyokuwa inazunguka darini. Mama Sella ndiye aliyejibu.

"Cape Town. Sella wetu ni nesi huko, ameolewa huko. Atajifungua mwezi wa nne." Sauti yake ikashuka. "Ujauzito wa kwanza aliupoteza, madam, akiwa peke yake. Bwana yake alikuwa kazini, mimi niko hapa napalilia maharagwe. Huu wa pili siwezi kumwacha peke yake. Siwezi."

Nilifungua hesabu za kadi. Pointi zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani mzee, maana kwa miaka minne alikuwa akinunua petroli ya pikapu yake kwa kadi ile. Lakini hazikutosha tiketi moja. Zilipungua karibu robo. Na kanuni ilikuwa hivi, niwaeleze ninyi mnaofanya kila kitu kwa simu: ukikata kadi, pointi zote zinakufa siku hiyo hiyo. Pointi mpya zilihesabiwa mara moja tu, mwisho wa mwezi, na tiketi yenyewe ilichukua wiki nyingi kutolewa. Kwa hiyo ili Mama Sella awe Cape Town kabla ya mwezi wa nne, lile pengo lilitakiwa lijazwe kabla Januari haijaisha. Ili kununua tiketi kwa pesa taslimu wangeuza ng'ombe wote wawili wa maziwa, na ng'ombe hao ndio waliokuwa wakimlipia kitindamimba wao chuo.

Mama Sella alimwona mtu wa kwao kwenye foleni, akainuka kwenda kumuuliza habari za mgonjwa. Hapo Mzee Situma akainama juu ya meza yangu mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake.

"Madam, nikuambie kitu? Hii maneno si hela. Mimi naogopa ndege. Naogopa hata ngazi. Kiwandani walinituma juu ya tangi la maji mara moja, wakanishusha na kamba kama ndama. Sasa kadi iko na jina langu. Pointi zikijaa, si ni mimi wataingiza kwa hiyo ndege? Kata tu. Tuseme ni ada."

Nilimtazama yule mzee wa miaka sitini na kitu, na kwa kweli nilimpenda. Nikamwambia kwamba mwenye kadi anaweza kumpa mke wake tiketi. Kuna fomu, anaweka sahihi, basi.

"Kumbe anaweza kwenda peke yake?"

"Anaweza."

"Na mimi nibaki chini?"

"Ubaki chini kabisa, mzee."

Aliketi sawa, akatoa leso akajifuta uso. "Usimwambie hii ya kuogopa," akasema haraka, kwa sababu mkewe alikuwa anarudi. Nikamwambia siri ya mteja ni siri ya benki. Hilo halijabadilika, na natumaini ninyi hamjalibadilisha.

Basi wakaafikiana mbele yangu: kadi itabaki hadi mwisho wa mwezi. Pointi zikijaa, Mama Sella anasafiri. Zisipojaa, naikata, na neno hilo halitatajwa tena nyumbani. Mzee alisema hivyo akiwa na moyo mwepesi, kwa kuwa yeye angebaki chini, na tena akidhani haiwezekani. Robo nzima kwa siku kumi na mbili! Angemwaga petroli barabarani isingetosha. Lakini Mama Sella alikuwa amekwisha anza kuhesabu kwa vidole, na hakuwa anahesabu pesa, alikuwa anahesabu watoto.

"Kidato cha kwanza wanaenda wiki kesho," akasema. "Kanisani kwetu peke yake wako zaidi ya ishirini. Kila mmoja anataka sanduku, godoro, blanketi, ndoo. Madam, hao wazazi wakinipatia pesa mkononi, na Baba Sella alipie na kadi, hizo pointi ni za nani?"

"Ni zake," nikasema.

"Na mimi nikileta hizo pesa kwako jioni hiyo hiyo, kuna riba?"

"Hakuna."

"Basi," akasema Mama Sella, na akainuka.

Mnaweza kuuliza kama ilikuwa halali. Nilisoma kanuni mara mbili wakati wa chakula cha mchana. Haikukatazwa, nadhani kwa sababu aliyeziandika hakuwahi kuishi Lugulu. Niliwapa sharti moja tu: pesa mkononi kwanza, ndipo sahihi. Kila siku kabla ya saa tisa ziwe zimeingia benki.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Wazazi walimkabidhi Mama Sella pesa, mzee akaweka sahihi kwenye supamaketi yenye mashine, na saa nane u nusu Mama Sella alikuwa mbele yangu na mfuko wa kitambaa. Siku ya tatu, Jumatano, mhudumu wa supamaketi alinipigia simu adhuhuri. "Madam Gradis, kuja uone," akasema, na nyuma yake nikasikia watu wakiimba.

Nilipofika, mlango wa supamaketi ulikuwa umeziba. Watu hawakuwa wa kanisa la Mama Sella tu. Walitoka Kanduyi, walitoka Kimilili, wengine walikuwa na masanduku vichwani ambayo hayajalipiwa. Habari ilikuwa imetembea ikabadilika njiani, kama kawaida yake. Yaliyowafikia wao ni kwamba mzee fulani amesimama pale dukani na kadi, anawalipia watoto wa shule wote. Na mtu anayelipia watoto wa wenyewe mwezi wa kwanza, Bungoma, anataka kitu kimoja tu.

"Situma juu! Situma diwani wetu!"

Mzee wa watu alikuwa amesimama kando ya mashine, kalamu mkononi, jasho likimtoka. Hakuwahi kugombea hata uenyekiti wa choo cha sokoni. Na kabla sijamfikia, diwani mwenyewe aliingia, na kofia yake na watu wake wawili.

"Mzee Situma," akasema, "si ungeniambia kwanza? Tungeongea kama watu wazima. Kiti unataka, ati unaanzia kwa magodoro?"

"Mimi sitaki kiti," akasema Mzee Situma. "Mimi nataka pointi."

Diwani alifikiri pointi ni jina la chama kipya. Uso wake ulizidi kukunjamana. Hapo Mama Sella alipanda juu ya sanduku la chuma, lile kubwa kuliko yote, na ile sauti yake ikafanya kazi.

"Sikizeni! Hapa hakuna cha bure. Anayetaka sanduku alete pesa kwangu kwanza, ndio mzee aweke sahihi. Hatutafuti kura. Natafuta tiketi ya kwenda kwa Sella wangu, anajifungua ng'ambo, na ujauzito wa kwanza aliupoteza bila mama yake. Ni hivyo tu. Mwenye kukasirika akasirike."

Kisha watu wakaguna, "Aii, kumbe!" na walio na masanduku vichwani wakaanza kuyarudisha kwenye rafu. Nilihesabu watu wakitoka, na pointi zikitoka nao. Lakini kina mama hawakutoka. Mmoja ambaye sikumfahamu, aliyekuwa ameshamnunulia mtoto wake kila kitu sokoni, alichukua pakiti mbili za sukari, akampa Mama Sella pesa. "Hata sukari iko na pointi?" akauliza. Nikamwambia iko nazo. Akaongeza mafuta ya kupikia.

Diwani alikuwa bado amesimama. Aliona watu wanamwangalia, wengine wakisema kwa sauti ya kusikika kwamba angalau mzee alijaribu. Akakohoa. Akatangaza kwamba yeye, kwa moyo wake, atanunua blanketi arobaini za watoto wasiojiweza wa wadi yake. Msaidizi wake akatoa pesa kwenye bahasha, huku akilia ndani kwa ndani, nadhani. Mama Sella alizihesabu mara mbili mbele yake, akamwambia asante mheshimiwa, na akampa mumewe ishara aweke sahihi.

Mashine ikakataa. Ilisema tupige simu Nairobi. Mhudumu alipiga, akanipa mimi mkono wa simu, na kijana mmoja wa sauti ya upole akaniuliza:

"Madam, hapa naona masanduku, magodoro, masanduku tena, sasa blanketi arobaini. Huyu mtu ako na watoto wangapi? Hii kadi si imeibiwa kweli?"

"Haijaibiwa," nikasema. "Niko na mwenyewe hapa."

"Basi anipe tarehe ya kuzaliwa."

Nilimpa Mzee Situma simu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Ile ya ukweli ama ile ya kazi?" akauliza.

Mimi nilifumba macho. Wazee wa rika lake walizaliwa wakati wa mavuno ya wimbi, au mwaka wa nzige, na tarehe zao zilitungwa na makarani waliokuwa na haraka. Mzee akaendelea kumweleza kwa uaminifu kwamba ya ukweli mama yake aliijua kwa mvua, lakini ile aliyoandika kwa karatasi ya kiwanda ni ya kwanza Januari. Watu wote dukani walikuwa wanasikiliza, hata diwani.

"Sawa, mzee," kijana akasema mwishowe, na simu ilikuwa na sauti kubwa hivyo sote tulimsikia. "Hata babangu alizaliwa hiyo siku. Endelea na blanketi."

Watu walipiga makofi. Nilirudi ofisini nikiwa nimechelewa dakika arobaini, na meneja, ambaye alikuwa amekwisha sikia yote kabla sijafika, aliniuliza tu kama diwani alilipa kwa noti au kwa ahadi.

Pointi zilifika mwisho wa Januari, zikazidi kidogo. Mzee aliweka sahihi kwenye fomu ya kumpa mkewe tiketi, mkono wake ukiwa imara kabisa, na mwezi wa tatu Mama Sella akaondoka na unga wa wimbi kilo nne ambao nilimwambia watamnyang'anya uwanja wa ndege na ambao hawakumnyang'anya. Mwezi wa nne Mzee Situma aliingia benki akinyoosha simu yake juu ya vichwa vya watu wa foleni. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Niliinuka nikamshika mkono juu ya meza. Nimeona hundi kubwa sana zikipita pale, lakini furaha kama ile hazikuniletea.

Mama Sella alikaa huko miezi mitatu. Katika miezi hiyo mzee alikuwa mteja wangu wa kila Jumanne. Alikuja kuuliza kama kadi iko salama, nami nilimwambia iko mfukoni mwake. Akasema, ah, kweli. Akakaa. Nikampa chai. Aliniambia kuku wanakataa kuingia ndani akiwaita, kwamba redio anaiwasha asubuhi na kuizima akilala, kwamba barua za Mama Sella anazisoma kwa jirani ili apate mtu wa kuzisikiliza. Niliona anakonda, lakini sikuuliza. Kuna mambo ambayo mteja huyaleta mwenyewe siku akiwa tayari.

Januari iliyofuata waliingia wote wawili, wakasalimia foleni, wakaketi. Mama Sella alikuwa na picha za mjukuu kwenye bahasha, akanionyesha zote, hata mbili zilizofanana. Kisha yeye ndiye aliyeiweka kadi mezani.

"Haya, Madam Gradis, sasa kata. Mtoto nimemwona, nimemwogesha, amekua. Ada ya nini tena? Mzee alisema kweli tangu mwanzo."

Nikachukua makasi. Sikuona sababu ya kubishana.

"Ngoja," akasema Mzee Situma.

Alikuwa ameishika kadi mezani kwa kiganja kizima.

"Mama Sella, mwaka jana nilikuambia ni ada. Haikuwa ada. Mimi naogopa ndege."

"Najua," akasema Mama Sella. "Miaka thelathini na tano nimelala kando yako, nisijue unaogopa nini?"

Mzee alimwangalia mkewe, akaniangalia mimi, nami nikatikisa kichwa kwamba sikusema neno.

"Basi iko moja hujui," akasema. "Hiyo miezi mitatu nilikuwa napika ya watu wawili. Naweka sahani mbili, alafu narudisha moja kwa kabati. Kila siku. Ndege naiogopa, sikatai. Lakini ile nyumba bila wewe naiogopa zaidi. Usikate, Madam. Safari ingine tunaenda wote."

Mama Sella alizipanga zile picha upya, akazirudisha kwenye bahasha, akazitoa tena. Mimi nililia kidogo, na siwaombi radhi.

Nikatoa fomu ya kadi ya pili, ile ya mke, ili ununuzi wa wote wawili ujaze pointi haraka. Mzee aliisoma yote. Alipofika mahali pa sahihi kalamu yake ikagonga karatasi mara mbili bila kuandika. Mama Sella akaweka bahasha chini, akaishika ile karatasi pande zote mbili isisogee, na mumewe akaandika jina lake lote, polepole, mpaka mwisho.